Koo la Kipimo

Jumatatu, tarehe 14 Juni, mwaka 2066. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka Lupando bila haraka, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Rungwe hadi kwenye migomba ya chini ya barabara, hata aliyesimama mlangoni mwa maabara asingeliona geti. Baridi ilikuwa ile ya Juni, inayopenya hadi ndani ya viatu.

Gwantwa Mwakibete alifika wa kwanza kama kawaida yake, maana maabara ile haikuweza kuanza kazi bila koo lake. Alitundika koti, akanawa mikono, akachukua kikombe cha kioo chenye utepe wa bluu na kumimina humo maji yenye chumvi kidogo. Akainua kichwa, akasukutua koo, akayatema maji yale kikombeni na kukifunika. Alipomeza mate, upande wa kulia ukamchoma hadi ndani ya sikio. Akashika ukingo wa meza, akasubiri maumivu yapite. Kisha akakiweka kikombe mbele ya Tambuzi.

Mashine ile ilikuwa kama mtungi wa kioo uliolazwa ubavu. Ndani yake kulikuwa na chembe hai, utando mwembamba mfano wa malai juu ya maziwa yaliyopoa. Chembe hizo zilikufa kila usiku, na kila alfajiri zikaoteshwa nyingine. Zikiwa changa hazikujua lolote. Kwanza zilinyweshwa maji ya koo moja lililothibitishwa kuwa safi, la mtu aliyezaliwa, kula na kuishi kwenye milima ileile, na kutoka kwa mtu huyo zikajifunza uzima ulivyo. Ndipo zikaletewa maji ya wagonjwa. Yakifanana na yale ya kwanza, zilikaa kimya. Yakiwa na kirusi cha papiloma kilichokwisha kujenga makazi kwenye nyama ya koo na kuanza kuigeuza saratani, ziliwaka kijani, miezi mingi kabla jicho la daktari halijaona kitu.

Koo hilo la kwanza liliitwa koo la kipimo. Kila wilaya ilikuwa na lake, na la Lupando lilikuwa la Gwantwa, mjane, zamani mchuma chai. Kumpata mtu mwingine kulitaka uchunguzi wa mwaka mzima, na koo la kipimo likiugua, sheria ilitaka maabara ifungwe mpaka mwaka huo uishe.

"Mama Lwitiko, umeshalikamua koo la serikali?" Mwaisaka aliingia akikung'uta mwavuli. Alikuwa fundi wa Tambuzi, mwanamume mnene asiyeweza kukaa kimya.

"Nimeshalikamua."

"Mbona sauti ya jogoo aliyenyeshewa?"

"Baridi, baba."

"Baridi gani hiyo inayokaa nusu mwaka? Hata mpangaji angekuwa ameshahama."

Gwantwa alicheka kidogo, kwa sababu kucheka sana kuliuma.

Kwenye benchi la nje watu walikuwa wameanza kujaa. Wa kwanza alikuwa Tumpale, muuza parachichi wa Katumba, amejifunga shingo kwa kitenge. Alipimwa Novemba, akaambiwa koo lake ni safi. Sasa alizungumza kwa mnong'ono.

"Mume wangu anafurahi," alimwambia Mwaisaka. "Anasema ndoa imekuwa tamu tangu nipoteze sauti. Nimekuja mnirudishie, nimwambie ninavyomfikiria."

"Tutakurudishia, ila nusu. Nyumba yenu tunaihurumia."

Gwantwa aliitazama ile shingo. Chini ya kitenge, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe. Bila kukusudia, mkono wake ulipanda hadi chini ya taya lake mwenyewe, ukagusa kile alichokiita tezi ya baridi, kisha ukashuka.

Daktari Subilaga Mwakyusa alifika akiwa amevaa koti jeupe refu. Watu wa benchini wakasimama. Alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke wa sauti ya upole, na hakuna aliyemdai Gwantwa heshima kubwa kuliko yeye. Ndiye aliyemtoa kwenye shamba la chai. Ndiye aliyemfundisha masomo ya jioni, Gwantwa akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka akaweza kusoma picha za chembe bila kusaidiwa. Alipofiwa na mume, Subilaga alilala kwake mpaka matanga yalipoanuliwa. Na tangu koo lilipoanza kumkwaruza, kila wiki alimletea kopo la asali.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Salama, dada. Kumeza tu."

"Asali imekwisha? Nitakuletea nyingine." Kisha akawageukia wote. "Tuombe."

Pale Lupando mashine haikuwashwa bila sala. Milango ilifunguliwa ili walio nje nao washiriki, kila mtu akainamisha kichwa, na Subilaga akasimama karibu na Tambuzi, mahali pake pa siku zote. Gwantwa alifumba macho kwa nguvu na kuufunika uso kwa viganja viwili. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, kwamba anayefungua macho katikati ya sala ameondoka kabla ya kuagwa.

"Ee Baba, tunakushukuru kwa siku hii," Subilaga alianza. "Tuongoze katika kweli yako. Mikono yetu na iwe safi mbele zako."

Kikohozi kikampanda Gwantwa. Alikizuia, kikagoma, na katika kushindana nacho viganja vikatoka usoni na macho yakafunguka.

Aliona mkono wa kuume wa Subilaga ukikichukua kikombe chenye utepe wa bluu na kukitia katika mfuko wa koti. Aliona mkono wa kushoto ukitoa kutoka mfuko wa pili kikombe kingine, chenye utepe kama ule, na kukiweka palepale, bila kioo kugonga meza. Sauti ya sala haikuyumba hata kidogo. Ulikuwa mkono uliozoea.

"Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu."

Gwantwa alifumba macho upesi, kana kwamba aliyefumaniwa ni yeye, akasema amina pamoja na wengine. Baadaye amina ile ndiyo iliyomwuma kuliko vingi.

*

Chembe zilikunywa maji ya kikombe kile kilichobadilishwa, zikatulia. Mwaisaka akapitisha maji ya Tumpale. Haikuchukua muda. Utando wote uliwaka kijani, mwanga ukagonga dari.

Tumpale alikuwa mlangoni. Aliketi tena benchini, akakaza fundo la kitenge chake.

"Novemba ilikaa kimya," Mwaisaka alisema polepole. "Nakumbuka. Alituletea parachichi za shukrani."

Gwantwa alichukua kikombe kisicho na utepe. Akasukutua mbele ya Mwaisaka, akatema, akamkabidhi.

"Pitisha na haya."

"Ya nini tena? Wewe ndiye umetoka kuifundisha."

"Pitisha, baba."

Mwaisaka alipitisha huku akicheka, maana mashine isingeweza kumshangaa mtu aliyeifundisha dakika chache zilizopita. Kicheko kikamwishia mdomoni. Kijani kile kilikuwa cha kukolea, kimekaa bila kupepesa.

"Imechafuka," alisema, akanyoosha mkono kwenye swichi. "Ngoja niioshe. Imechafuka tu, mama."

"Usiiguse."

Nyuma yao Subilaga alikuwa amesimama. Hakuonyesha mshangao, na hapo ndipo Gwantwa alipojua. Mtu anayemkuta rafiki yake na saratani huuliza, hukanusha, hushika kichwa. Subilaga alikuwa ameshika mfuko wa koti lake.

"Twende chumba cha baridi," alisema.

*

Chumba cha baridi kilikuwa na makabati ya chuma na taa moja. Subilaga alifunga mlango, akatoa kikombe mfukoni na kukiweka juu ya kabati kati yao. Maji ya Gwantwa yalikuwa bado na povu.

"Tangu lini?" Gwantwa aliuliza.

"Desemba. Ulipokwenda msibani Kyela. Sikutaka kuwarudisha watu, nikaifundisha mashine kwa maji yangu, siku ile moja tu. Kikombe chako cha jana yake kilikuwa humu. Nikakipitisha kama cha mgonjwa, kwa kujaribu. Kikawaka. Tangu hapo kila asubuhi nabadilisha kikombe chako na changu."

"Desemba."

"Aina hii ya kirusi ni mpya, Gwantwa. Chanjo tulizochomwa shuleni haziijui. Inalala mwilini miaka mingi. Si kosa lako wala la marehemu."

"Sikukuuliza habari za marehemu."

Subilaga akakisogeza kikombe pembeni kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda Mbeya kutibiwa. Jina lako lingeingia kwenye mitambo yao, na siku hiyohiyo mlango huu ungefungwa mwaka mzima. Kuna mwalimu mmoja wa kule Masoko nimeanza kumchunguza achukue nafasi yako. Anamaliza Desemba hii."

"Na mimi ningefika Desemba?"

Subilaga alikuwa akitazama sakafu.

"Nilijipa matumaini," alisema. "Wengine uvimbe wao hukua polepole."

"Ungeniomba ninyamaze, ningenyamaza. Unanijua."

"Najua. Ndiyo maana sikukuomba. Sikutaka uwe umechagua kufa kwa ajili yetu."

"Ukanichagulia."

"Nisikilize. Yule mama mwenye mapacha, wa Ushirika. Fundi cherehani wa sokoni. Mchungaji Kalinga. Wote mashine iliwakuta baada ya Krismasi, mapema, wametibiwa, wanakula wali. Ningefunga mlango, wangekuwa wapi? Nitajie yupi kati yao ningemwacha."

Mama mwenye mapacha Gwantwa alimjua. Mchungaji Kalinga alimbatizia mjukuu. Swali lile lilikuwa la haki, na kuwa kwake la haki kulimzidishia uchungu, kwa sababu lilimfanya yeye kuwa kitu kilichowekwa kwenye kitanga cha mizani.

"Uliniletea asali, dada," alisema mwishowe.

"Nilikuwa sijui nikuletee nini."

Hapo Subilaga alilia, bila sauti, akijifuta kwa mkono wa koti. Gwantwa alimtazama. Siku nyingine angemkumbatia. Mikono yake haikutaka kunyanyuka.

"Na wale wa kabla ya Desemba?" aliuliza. "Mashine ilikuwa ikijifunza uzima kwangu, nami nikiwa mgonjwa. Kila mwenye kirusi kama changu ilimwona mzima. Tumpale alipimwa Novemba."

"Nilipanga kuwaita mmojammoja. Niseme ni marudio ya kawaida."

"Umewaita?"

"Baadhi."

"Tumpale amekuja kwa miguu yake. Hukumwita."

"Ningewaita wote kwa mkupuo, mkaguzi wa maabara kule Mbeya angeuliza kwa nini." Subilaga alimsogelea. Sauti yake ilirudi kuwa ile ya darasani, ya mtu anayemwongoza mwanafunzi kwenye hesabu ngumu. "Bado tunaweza kulivuka hili. Nina daktari Karonga, ng'ambo ya mpaka, tulisoma pamoja. Kesho nakupeleka mwenyewe. Atakukata huo uvimbe, atakuchoma mionzi, na jina lako halitafika Mbeya. Huku mlango unabaki wazi. Utapona, nao watapona. Nipe mpaka Desemba tu, mdogo wangu."

Lilikuwa jambo linalowezekana. Gwantwa alilipima kwa kila upande. Alikuwa na wajukuu. Alipenda kuishi. Kule nje watu walikuwa wamekaa kwenye baridi wakimngojea, na Mbeya foleni ilikuwa ya miezi. Kitu pekee alichotakiwa kutoa kilikuwa ukimya, ambao alikuwa ameutoa siku zote bila kudaiwa. Na wale wa Novemba, walioleta parachichi za shukrani, wangeendelea kulala usingizi wao mzuri mpaka shingo zivimbe.

"Niache peke yangu kidogo," alisema.

Subilaga alikichukua kikombe, akatoka. Mlango ulipofungwa Gwantwa alipiga magoti kwenye sakafu ya baridi. Alifumba macho, akaona mkono ukiingia mfukoni. Akafumba tena, akauona tena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gwantwa aliomba macho yakiwa wazi, akitazama mlango.

"Bwana," alisema, "alitumia jina lako. Wewe ulikuwa unamwona. Mimi nilifumba macho kwa ajili yako, na wewe ulikuwa unamwona, kila asubuhi. Sielewi. Siombi unieleze sasa. Naomba tu nisiwafanyie wale kama nilivyofanyiwa."

Alikaa hapo hadi magoti yalipokufa ganzi. Alinyanyuka kwa kushika kabati, akaufungua mlango.

*

Ukungu ulikuwa umepanda kidogo, geti likaonekana. Watu wa benchini walijisogeza chini ya paa kukwepa manyunyu. Mwaisaka alikuwa amesimama kando ya Tambuzi iliyozimwa, mikono nyuma. Alikuwa amekiona kikombe cha utepe wa bluu mkononi mwa Subilaga, na alikuwa fundi mzuri kiasi cha kumalizia mengine mwenyewe.

"Mwaisaka, washa gari," Gwantwa alisema. "Mimi na Tumpale tunakwenda Mbeya."

"Gwantwa," Subilaga aliita kutoka mlangoni, taratibu.

Hakugeuka. Aliketi kwanza benchini, karibu na Tumpale, akamweleza kwa maneno machache, kwa sauti iliyokwaruza, yale mashine iliyoyajifunza kwake na yale iliyomdanganya Novemba. Wengine walisogea kusikiliza.

"Kwa hiyo mimi na wewe tunaumwa kitu kimoja," Tumpale alinong'ona.

"Kimoja."

"Na waliniambia safi kwa sababu nilifanana na wewe."

"Ndiyo."

Tumpale alifikiri. "Basi ungekuwa mzuri zaidi kidogo," alisema, "nisingelalamika." Kisha akaushika mkono wa Gwantwa, akaubana kwa nguvu.

"Na sisi?" aliuliza kijana mmoja aliyembeba mama yake mgongoni kutoka barabarani. "Turudi nyumbani? Nimemleta huyu tangu Isongole."

"Leo hapatapimwa mtu. Sijui patafungwa kwa muda gani. Inaweza kuwa mwaka."

"Mwaka," alisema yule kijana. Hakupandisha sauti. Alimrekebisha mama yake mgongoni, na Gwantwa akajua kwamba mzigo ule nao ameuweka yeye, kwa neno lake mwenyewe, na kwamba uso wa mama yule atakuwa akiuona.

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. "Binti yangu, mambo ya ofisini yamalizwe ofisini. Daktari huyu ametusaidia sana. Nenda katibiwe, sisi tutanyamaza."

"Anyamaze nani?" mwanamke mwingine alimkatiza. "Dada yangu alipimwa Oktoba. Nani alifanya haya? Atajwe."

Macho yote yakahamia mlangoni. Subilaga alikuwa hapo, kikombe mkononi, koti jeupe likiwa na doa la maji mfukoni. Alionekana mdogo. Gwantwa alimtazama yule aliyemfundisha kusoma, akaona kwamba bado anampenda, na kwamba upendo ule haukuondoa hata kidogo kile kilichofanywa.

Alisimama. Injini ya gari ilikuwa ikinguruma getini, Mwaisaka akaizima ili asikie.

"Nisikilizeni wote, mniwie mashahidi," Gwantwa alisema, akiivuta sauti kutoka mahali pa maumivu, "maana sauti hii sijui kama nitarudi nayo kutoka Mbeya. Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu. Leo, kabla sijalala kitandani kwa daktari, nitamweleza mkaguzi jambo hili lote, na jina la Subilaga Mwakyusa nitalitaja kwa kinywa changu. Nitamwambia pia watu aliowaokoa. Kila aliyepimwa kwa koo langu bovu ataitwa arudi, na wasipoitwa, nitawafuata mlango kwa mlango, hata kama itanibidi kuwaonyesha shingo badala ya kusema." Akapumzika, akameza, akangoja maumivu yashuke. "Na huyu dada yangu nitamwombea kila siku, zikiwemo siku nisizotaka. Leo sitaki. Nitamwombea."